Chuma Kinapozidi Mwilini: Mwongozo Kamili kwa Familia za Kigoma na Tabora

Huku kwetu mtu akichoka, akipata kizunguzungu au akipauka viganja, jibu la mtaa ni moja: "Huyo hana damu." Basi zinaanza juisi za rosela na bitiruti, maini ya ng'ombe, matembele kila mlo, dawa ya maji kutoka duka la dawa, na FeFo (vidonge vya chuma na foliki asidi) zilizobaki kwa shangazi aliyejifungua mwaka jana. Mara nyingi mtaa unakuwa sahihi. Malaria, minyoo ya safura na uzazi wa karibu karibu vinawamaliza watu damu kwelikweli. Lakini wapo wenzetu wanaochoka kwa sababu ya kinyume chake: madini chuma yamejaa mwilini kupita kiasi, na kila kijiko cha dawa ya kuongeza damu kinawasogeza karibu na ugonjwa wa ini, kisukari au moyo. Mwongozo huu ni wao na wanaowauguza.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Kama wewe ni mjamzito, au mwanao amepimwa akakutwa na upungufu wa damu na akaandikiwa dawa ya chuma, usiache dawa hiyo kwa sababu ya kusoma hapa. Ninachokuomba ni kupima chuma kabla ya kukiongeza pale ambapo kuna sababu ya kushuku, na sababu hizo nazieleza hapa chini.

Kwa nini chuma kikizidi hakiondoki chenyewe

Mtu mzima ana takriban gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima, sehemu kubwa ikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila siku utumbo unafyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwenye chakula, kufidia kidogo kinachopotea kwa ngozi inayobanduka, kwa utumbo, na kwa hedhi. Mwili hauna njia ya kutoa ziada. Figo hazikitoi kwenye mkojo, wala jasho halisaidii kitu. Ni ghala lenye mlango wa kuingilia peke yake, na mlinzi wa mlango huo ni homoni iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini. Chuma kikitosha, hepsidini inapanda na utumbo unafunga. Mlinzi huyo akilala, au chuma kikipitishwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kupita utumboni, ghala linajaa. Kinachozidi kinakwenda kukaa kwenye ini, kongosho, moyo, viungio vya mifupa na tezi za homoni, na huko kinaharibu polepole kwa miaka.

Wewe uko kundi lipi?

Kundi kubwa kwa mikoa yetu ni watu wenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu) wanaoongezewa damu mara kwa mara. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na kanda ya ziwa na magharibi ni kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi. Chupa moja ya damu ina takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma. Piga hesabu mwenyewe: chupa moja ni sawa na chuma ambacho utumbo ungefyonza kwa miezi minne au zaidi. Mtu mzima aliyeongezewa chupa 20 amepokea gramu 4 au 5, yaani zaidi ya chuma chote ambacho mwili wake ulipaswa kuwa nacho.

Kundi la pili ni la kurithi, hemokromatosisi yenyewe. Aina inayojulikana zaidi inatokana na hitilafu kwenye jeni la HFE, lililogunduliwa mwaka 1996, na imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ni adimu sana. Kwa hiyo Mmanyema au Mnyamwezi mwenye feritini ya juu (protini inayohifadhi chuma, hupimwa kwenye damu) akiambiwa kipimo cha HFE hakijaonyesha kitu, asidhani ameponyoka. Zipo aina nyingine za kurithi zisizohusu jeni hilo. Mojawapo huanza kabla ya miaka 30 na kushambulia moyo na homoni za uzazi mapema.

Kundi la tatu huwa halizungumzwi: wanywaji wa pombe za kienyeji zinazochachushwa kwenye vyombo vya chuma. Kusini mwa Afrika madaktari waliandika habari zake tangu mwaka 1929. Pombe yenye uchachu inamumunyua chuma cha pipa, mnywaji anakipata kikiwa tayari kimeyeyuka, na akiwa na maumbile ya kufyonza zaidi, ini linajaa. Kama pombe yenu ya ndizi au wanzuki inachachuka kwenye pipa la mafuta lililokatwa juu, hili linawahusu. Chungu, ndoo ya plastiki ya chakula au mtungi havina shida hiyo, ingawa pombe yenyewe nitaisema tena mbele.

Hatua ya kwanza: fungueni daftari la damu

Hii haina gharama na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu akiulizwa ameongezewa damu mara ngapi, jibu huwa "mara nyingi, dokta." Mara nyingi ni ngapi? Daktari hawezi kuamua kuanza dawa ya kutoa chuma kwa jibu hilo, hasa kama mtoto amelazwa mara Kasulu, mara Maweni, mara hospitali ya misheni wakati wa likizo kwa bibi.

Chukua daftari la kawaida la shule, chora mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili hospitali, ya tatu HB (kipimo cha wingi wa damu) kabla ya kuongezewa, ya nne kiasi kilichoingia, ya tano sababu. Kwenye kiasi usiandike "chupa moja" kama mgonjwa ni mtoto, maana mtoto hapewi chupa nzima. Mwombe nesi akutajie mililita na kama ni damu nzima au chembe nyekundu zilizochujwa. Ukurasa wenye mstari kama "14/3, Kitete, HB 4.8, chembe nyekundu ml 250, malaria kali" unampa daktari picha kamili, kwa sababu kila mililita ya chembe nyekundu zilizochujwa hubeba takriban miligramu 1 ya chuma, na damu nzima karibu nusu ya hiyo. Kurasa za nyuma za daftari ziwe za majibu ya maabara. Usiwaachie hospitali faili pekee. Mafaili hupotea, na mtu akihamia mkoa mwingine faili halihami naye.

Kama hukumbuki ya nyuma, keti na bibi na baba wa mtoto muandike kwa kukisia kwa kufuata matukio: kabla ya kuanza darasa la kwanza, mwaka wa mvua nyingi, alipolazwa wiki mbili. Makisio ya ukweli yana faida kuliko ukurasa mtupu.

Hatua ya pili: pimeni, na muda wa kupima uwe sahihi

Zahanati nyingi zina HB tu, na HB haisemi lolote kuhusu chuma kilichojaa. Mtu anaweza kuwa na HB 7 na ini lililofurika chuma. Kwa mwenye selimundu hilo ni jambo la kawaida, na ndipo watu wanaponaswa. Wanaona HB ndogo, wanampa FeFo.

Kipimo cha kuanzia ni feritini. Ulizeni maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, au hospitali kubwa za misheni kama Nkinga kule Igunga, kama wanakifanya wenyewe au wanatuma sampuli. Sampuli inaweza kusafiri. Mgonjwa si lazima asafiri nayo.

Hapa kuna mtego wa kienyeji kabisa. Feritini hupanda pia kwa homa, maambukizi, ugonjwa wa ini na pombe. Mtu aliyepimwa akiwa na malaria anaweza kutoka na namba ya kutisha isiyohusiana na chuma chochote. Subirini wiki kadhaa baada ya kupona, na kwa mwenye selimundu msipime katikati ya maumivu makali. Kama namba ni ya ajabu, rudieni kabla ya kuogopa.

Cha pili ni kiwango cha kujaa kwa transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu. Hiki kinapimwa asubuhi kabla ya kula. Maabara nyingine zinatoa namba mbili tu, chuma cha kwenye damu na TIBC (uwezo wote wa damu kubeba chuma), zikakuachia hesabu. Gawa ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 100. Chuma 33, TIBC 60: jibu ni asilimia 55. Ikipita 45 huku feritini ikiwa juu, na mtu hajawahi kuongezewa damu, hapo hemokromatosisi ya kurithi inaingia kwenye mazungumzo.

Namba za feritini kwa ufupi: ikizidi 200 kwa mwanamke au 300 kwa mwanamume, kuna sababu ya kuchunguza. Ikivuka 1,000 na kubaki huko, hatari ya madhara kwenye ini inakuwa halisi na daktari anapaswa kuwa na mpango. Karatasi moja ikiandika "ng/mL" na nyingine "µg/L", msichanganyikiwe, ni kitu kilekile. Na msigande kwenye namba moja. Kinachosema ukweli ni mwelekeo wa vipimo vitatu au vinne mfululizo.

Ukiingia kwa daktari, sema waziwazi. Mfano: "Shikamoo dokta. Mwanangu ana selimundu, ameongezewa damu mara hizi zilizoandikwa hapa. Naomba tupime feritini, na kabla ya majibu naomba asiandikiwe dawa ya chuma, apewe foliki asidi peke yake." Daktari mzuri hatakasirika. Foliki asidi ni kidonge kidogo cha njano ambacho wenye selimundu hunywa kila siku; FeFo ina foliki asidi hiyohiyo pamoja na chuma, na kwenye dirisha la dawa vinabadilishana kirahisi pale foliki asidi inapoisha. Fungua kifuko palepale dirishani uangalie.

Hatua ya tatu: viungo gani vimeguswa?

Chuma hakitangazi kinapoingia. Dalili za mwanzo ni uchovu, maumivu ya tumbo upande wa kulia juu, na maumivu ya fundo za kidole cha shahada na cha kati, ambayo wengi huyaita baridi yabisi na kuyapaka dawa ya kuchua. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza ngozi kugeuka rangi ya shaba. Kwa weusi wetu hilo linaonekana kwa shida, kwa hiyo usilisubiri. Kwa mwanamume hamu na nguvu za kiume hupungua, na hapa kuna shida ya aina yake, maana dawa za nguvu za kiume zinauzwa hadi ndani ya basi la Kasulu na hakuna muuzaji anayeuliza habari za ini. Kwa mwanamke hedhi inaweza kusimama. Kwa mtoto wa kiume mwenye selimundu sauti inachelewa kuvunjika, kwa msichana matiti yanachelewa kuota; selimundu yenyewe huchelewesha balehe, lakini chuma kinaongeza, na kinastahili kupimwa.

Mwombe daktari mambo haya, si lazima kwa siku moja: vimeng'enya vya ini na ultrasaundi ya ini, hepataitisi B na C, sukari ya asubuhi kabla ya kula, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ikiwezekana picha ya moyo ya ultrasaundi. Kuhusu sukari, kumbukeni kwamba kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hakiaminiki kwa mwenye selimundu wala kwa mtu anayeongezewa au kutolewa damu mara kwa mara, kwa sababu chembe zake nyekundu haziishi umri wa kawaida. Wasiokuwa na hepataitisi B wachanjwe. Ini lenye chuma likiongezewa kirusi hicho linaharibika mara mbili, na wavuvi na wakulima wa kando ya ziwa Tanganyika wapime pia kichocho cha tumbo, kinacholiumiza ini lilelile.

Kipimo bora cha kujua chuma kilichomo ndani ya ini na moyo ni MRI maalumu. Kinapatikana kwenye hospitali chache kubwa, na kwa familia nyingi ni safari na gharama. Maoni yangu ni kwamba kwa mgonjwa mwenye feritini ya kupanda na daftari lililojaa, matibabu yasisubiri MRI. Kama ultrasaundi imeonyesha ini limesinyaa na kuwa na makovu, basi kila miezi sita irudiwe, kwa sababu saratani ya ini ikikamatwa ndogo ina matibabu.

Hatua ya nne: kukitoa

Zipo njia mbili, na kosa kubwa ni kumpa mtu njia ya mwenzake.

Mwenye HB nzuri, yaani wa kurithi au wa pombe ya pipa, anatolewa damu. Mililita 450 hadi 500 kila wiki au kila wiki mbili, kama anavyotolewa mchangiaji, na kila mara inaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili unatengeneza chembe mpya kwa kuchota chuma kwenye ghala. Mtu mwenye ziada ya gramu 10 anahitaji mara 40 hadi 50, hivyo mwaka wa kwanza ni kazi. HB hupimwa kabla ya kila mara, na ikishuka chini ya 11 au 12 mnapumzika. Lengo ni feritini kati ya 50 na 100, kisha mara moja kila miezi miwili hadi minne kwa maisha yote. Siku ya kutolewa, kunywa maji ya kutosha, kula, kaa robo saa baada ya sindano kutoka, usiendeshe bodaboda hadi nyumbani wala kubeba magunia siku hiyo. Ni tiba rahisi, ya tangu miaka ya 1950, na haihitaji dawa.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama unaweza tu kuchangia damu kwenye benki, hasa kwa kuwa kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko Tabora. Kwa utaratibu wa kawaida mwanamume huchangia kila miezi mitatu na mwanamke kila minne, na ratiba hiyo haitoshi kwa mtu anayeanza matibabu. Baadaye ghala likishashuka huenda ikakufaa, ila uwaeleze hali yako mezani kabla ya sindano na uwaachie wao waamue. Usifiche. Kutolewa damu kwa matibabu kunaandikwa na daktari na kufanyika hospitalini.

Mwenye selimundu au upungufu mwingine wa damu hawezi kutolewa damu kirahisi hivyo. Yeye anapewa dawa zinazonasa chuma na kukitoa kwa mkojo au choo. Madaktari wengi huanza kufikiria dawa hizo baada ya mtu kuongezewa damu mara 10 hadi 20, au feritini ikibaki juu ya 1,000. Zipo tatu.

Deferasiroksi ni ya kumeza mara moja kwa siku, na kwa maisha ya huku ndiyo inayowezekana zaidi. Ile ya kuyeyusha huwekwa kwenye glasi ya maji, hukorogwa hadi iwe kama uji mwepesi, hunywewa tumbo likiwa tupu nusu saa kabla ya kula. Ongeza maji kidogo kwenye mabaki ya chini ya glasi, koroga, maliza. Usitumie kijiko wala kikombe cha chuma. Figo na ini vipimwe kila mwezi. Mgonjwa akianza kuhara au kutapika hadi kukaukiwa maji, simamisha na umpigie daktari kabla ya kuendelea, kwa sababu figo ndizo zitakazoumia. Upele na tumbo kuuma ni vya kawaida mwanzoni.

Deferoksamini ni ya sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo au paja, inayoingia taratibu kwa pampu saa 8 hadi 12 usiku, siku tano au zaidi kwa wiki. Inafanya kazi vizuri na mkojo unageuka wekundu wa kutu, msishtuke. Ugumu wake ni maisha: kijana wa bweni Tabora hatalala na pampu mbele ya wenzake kwa miaka mingi. Kama daktari ameichagua, badilisheni mahali pa sindano kila usiku, na mzungumze na matroni wa shule mapema.

Deferiproni humezwa mara tatu kwa siku na husaidia sana moyo, ila ina hatari moja ambayo kila mtu ndani ya nyumba lazima aijue: inaweza kushusha chembe nyeupe ghafla. Homa yoyote au koo kuuma, dawa inasimama saa hiyohiyo na mgonjwa anakwenda kupima damu kamili. Huku kwetu homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Pimeni malaria, ndiyo, lakini pimeni na chembe nyeupe.

Dawa hizi ni za bei. Kabla ya kuanza, ulizeni dirisha la bima kama ipo kwenye orodha yao na duka la hospitali kama wanaiagiza kila mwezi au kwa msimu. Dawa ya kumeza wiki mbili na kuacha miezi miwili haishushi chuma. Na msisahau upande wa pili wa hesabu: haidroksiurea, dawa ya selimundu, inapunguza maumivu na inapunguza mara za kuongezewa damu, hivyo chuma kinachoingia kinapungua. Kwa mtoto wa selimundu, kuulizia haidroksiurea ni sehemu ya kutibu chuma.

Neno ambalo nataka lisomwe taratibu: mgonjwa akihitaji damu ya dharura, apewe. Chuma kinaua kwa miaka. HB 3 inaua usiku huu. Msikatae damu kwa kuogopa feritini.

Chakula, na pombe

Watu hupenda kuanzia hapa, nami nimepaweka mbali makusudi, kwa sababu chakula kinachangia kidogo kuliko matibabu. Aliyeongezewa damu hawezi kukitoa chuma kwa kubadilisha chakula peke yake. Kwa wa kurithi, chakula kinasaidia kupunguza idadi ya kutolewa damu, si kuifuta.

Ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga kwa mawese, sombe, mlenda, maharage, michembe, matobolwa: kula. Chuma cha majani na nafaka kinafyonzwa kwa shida, hakuna haja ya kumnyima mtoto mboga. Cha kupunguza ni maini, figo, bandama na nyama nyekundu kila siku, maana chuma cha nyama kinaingia kirahisi. Dagaa wa kila siku wapishane na maharage. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo inapunguza chuma kinachofyonzwa. Ni bure na ipo kila nyumba. Vidonge vya vitamini C viacheni, kwani vinaongeza ufyonzaji na vikiwa vingi vinaweza kuudhi moyo wenye chuma. Tunda lenyewe, chungwa au embe, halina ubaya, ila liliwe mbali kidogo na mlo wa nyama. Rosela na bitiruti kama kinywaji siku ya sherehe sawa; kama dawa ya kila asubuhi, hapana.

Unga uangaliwe. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani huongezwa virutubishi, chuma kikiwemo. Geuza mfuko usome. Kwa jamii ni jambo jema sana, kwa mwenye ugonjwa huu ni heri mahindi au muhogo wa kusagiwa mashine ya mtaa. Msipikie vitu vichachu, kama nyanya au maembe mabichi, kwenye kikaango cha chuma kinachoshika kutu. Sufuria ya kawaida haina neno.

Pombe: acheni. Sisemi punguzeni. Gongo, wanzuki, bia ya chupa, zote zinaongeza ufyonzaji wa chuma na kulipiga ini lilelile. Aliyekwisha pata makovu kwenye ini asiguse kabisa. Najua harusini na msibani ni vigumu. Soda ya bwana harusi haijamuaibisha mtu.

Jambo la kusafiri pwani: mwenye chuma kingi asile chaza wala samaki wa baharini wabichi, wala asiingie baharini akiwa na kidonda kibichi. Bakteria fulani wa maji ya chumvi yenye joto wanapenda chuma na humwua mtu kwa siku chache.

Mjamzito aliyekwisha gundulika

Kliniki ya wajawazito hutoa FeFo kwa wote, na ni sawa. Wewe mwenye feritini ya juu usizipokee ukazitupa njiani. Mwambie nesi: "Sista, nina chuma kingi mwilini, nina majibu haya, naomba nipewe foliki asidi peke yake na dokta aandike kwenye kadi." Dawa za kutoa chuma kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito, kwa hiyo anayepanga kuzaa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Na FeFo zozote zilizobaki nyumbani zikae juu ya kabati mbali na watoto, maana mtoto mdogo akimeza nyingi anaweza kufa.

Ndugu wa damu

Kama daktari amethibitisha ni ya kurithi, kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja wapimwe kwanza. Aina nyingi huhitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, na kila mtoto wa wazazi hao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzipata zote mbili. Pale palipo na ndoa za ndugu kwa ndugu uwezekano unaongezeka. Si lazima kuanza na kipimo cha jeni: feritini na kiwango cha kujaa kwa transferini vinatosha, na aliyeonekana sawa arudie baada ya miaka michache. Si wote wenye jeni hizo huugua, na wanawake huchelewa kwa sababu hedhi inawapunguzia.

Jinsi ya kuwaambia ndugu ni kazi yenyewe. Ukisema "tuna ugonjwa wa ukoo," wengine watasikia laana na wengine watahesabu mahari zilizovunjika. Sema una chuma kingi, kinatibika kwa kutolewa damu, na kaka mkubwa akapime kabla kisukari hakijaanza.

Rufaa na kadi ya mfukoni

Hospitali ya kanda kwa mikoa hii ni Bugando, Mwanza. Kabla ya kupanda treni au basi, hakikisha una barua ya rufaa, daftari, majibu yote ya feritini yamepangwa kwa tarehe, na dawa za siku mbili zaidi ya ulizopanga, kwa sababu treni ya reli ya kati haina ahadi na mvua za masika hukata barabara. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya basi.

Kisha andika kipande cha karatasi, kikunje, ukiweke nyuma ya kadi ya bima au kitambulisho cha NIDA. Maneno yawe machache na yasomeke: "Nina chuma kilichozidi mwilini. Nisipewe dawa ya chuma bila kupima feritini. Damu ya dharura naruhusu. Natumia deferasiroksi asubuhi. Sina mzio wa dawa." Chini yake namba ya ndugu anayepokea simu usiku, na jina la kliniki unakohudhuria.